Matini ya Fasihi na Ufundishaji wa Lugha ya Kigeni: Tathmini ya Hali ya Shule za Kisii na Nyamira

1. Suala lenyewe

Katika mtaala mpya wa sekondari ya juu nchini Kenya, ambao wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026, Kiingereza na Kiswahili vimewekwa miongoni mwa masomo ya lazima, ilhali Fasihi kwa Kiingereza na Fasihi ya Kiswahili zimewekwa kuwa masomo ya kuchagua. Kwa juujuu, jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mpango wa vipindi tu. Lakini kila mpango wa vipindi huficha nadharia. Nadharia iliyomo katika mpango huu ni kwamba lugha yaweza kufundishwa ikakamilika pasipo fasihi, na kwamba fasihi ni ziada anayoongezewa yule aliyeipenda.

Makala haya yanakusudia kuipima nadharia hiyo kwa kuiweka mahali mahususi, yaani katika shule za kaunti za Kisii na Nyamira, ambako wanafunzi walio wengi huzaliwa na kulelewa katika Ekegusii na kukutana na Kiingereza darasani. Hoja yake ni mbili. Kwanza, muungano wa lugha na fasihi ambao sasa unalegezwa haukupata kutekelezwa barabara tangu ulipotangazwa, na kwa hiyo haujahukumiwa kwa haki. Pili, matini ya fasihi ndiyo mahali ambapo mwanafunzi wa Gusii angeweza kukutanisha lugha zake tatu kwa faida, kwa sababu hapo maumbo ya lugha huwa na kazi ya kufanya na watu wa kufanyiwa.

2. Lugha ya pili kwa jina, ya kigeni kwa matumizi

Yafaa kwanza kuondoa utata wa istilahi. Vitabu vya ualimu nchini Kenya hukiita Kiingereza lugha ya pili. Jina hilo lastahili kwa mwanafunzi wa baadhi ya mitaa ya Nairobi, anayekisikia nyumbani, dukani na kwenye televisheni. Kwa mtoto wa vilima vya chai vya Nyamira hali ni nyingine. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishikilia kwamba lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo wa shule ya msingi. Katika Gusii mashambani lugha hiyo ni Ekegusii pasi na ubishi, kwa kuwa wakazi wake karibu wote wana lugha moja. Kiswahili mtoto hukisikia sokoni, garini na redioni. Kiingereza ni cha mwalimu na cha kitabu. Nje ya lango la shule hakuna anayekihitaji ili kununua ndizi au kumwamkia jirani.

Jirani naye, akiwa wa mbali kidogo, hana Kiingereza vilevile. Ekegusii ni lugha ya Kibantu iliyozungukwa na lugha za Kiniloti: Kijaluo upande wa ziwa, Kikipsigis upande wa mashariki, na Kimaasai upande wa Trans Mara. Panapokosekana lugha ya pamoja kati ya majirani hawa, aghalabu Kiswahili ndicho kinachoshika nafasi. Kwa hali hiyo, Kiingereza katika Gusii ni lugha ya pili kwa jina la sera, lakini kwa matumizi ni lugha ya kigeni. Mwalimu asiyelikiri hilo hufundisha kana kwamba mwanafunzi atakwenda kuikamilisha lugha hiyo mahali pengine. Mahali pengine hapo hapapo, isipokuwa katika kitabu.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuipa matini nafasi kubwa. Mwanafunzi asiyekuwa na jumuiya ya wasemaji hana budi kuipata jumuiya hiyo ndani ya maandishi: watu wanaogombana, wanaobembelezana, wanaoficha mambo na wanaoombana radhi. Sentensi za mazoezi ya sarufi hazina watu wa namna hiyo.

3. Mjadala uliobadilisha orodha

Historia ya jambo hili katika Afrika Mashariki yajulikana, lakini yafaa kukumbushwa kwa sababu imeacha pengo. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Nchini Kenya tayari ulikuwapo mpango mpya wa kufundishia kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini kabisa. Mkazo wa miaka ile ulikuwa juu ya mazungumzo, miundo ya sentensi na mazoezi ya kurudiarudia. Fasihi ilingojea sekondari, na huko ilikuwa ya Waingereza.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na mahali pake pawekwe idara itakayoitazama Afrika kuwa kitovu. Mwaka 1974 walimu na wanachuo walikutana katika Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Matunda ya juhudi hizo hayakanushiki. Mwanafunzi wa Kenya amesoma The River Between cha Ngũgĩ, Betrayal in the City cha Francis Imbuga na The River and the Source cha Margaret Ogola, na kwa kila kimoja ameiona nchi yake mwenyewe katika kurasa za kitabu cha shule.

Hata hivyo mjadala ule ulihusu zaidi nini kisomwe. Swali la jinsi gani kisomwe, hasa na mtu ambaye lugha ya kitabu si yake, lilibaki nyuma. Waandishi wa waraka wa 1968 walikuwa na haki ya kuliweka swali la kwanza mbele, maana nyumba haipangwi vyombo kabla ya kujulikana ni ya nani. Lakini matokeo yake ni kwamba orodha ilibadilika na mkono ulioishika ukabaki ule ule. Kitabu cha Mwafrika kikafunguliwa na kufundishwa kwa njia ileile iliyokuwa ikitumiwa kwa Shakespeare: muhtasari wa kisa, orodha ya dhamira, sifa za wahusika, kisha insha.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliunganisha Kiingereza na fasihi yake kuwa somo moja. Kwa karatasi, huo ulikuwa ushindi wa wale walioamini kwamba lugha na fasihi ni mwili na roho. Kwa vitendo, mtihani wa KCSE uliwatenganisha tena ndani ya nyumba moja. Kwa upande wa Kiswahili, karatasi ya 102/2 huuliza ufahamu, ufupisho, sarufi na isimujamii, na 102/3 huuliza fasihi. Kwa upande wa Kiingereza, insha za vitabu teule zimewekwa katika karatasi ya 101/3. Mwalimu hufundisha kuelekea karatasi. Jumatatu sarufi bila kitabu, Alhamisi kitabu bila sarufi.

Katika pengo hilo ndimo umeingia mwongozo. Mwongozo ni kitabu kidogo kinachomweleza mwanafunzi kitabu kikubwa kinasema nini, ili asihangaike kukisoma. Haifai kuwalaumu wachapishaji peke yao. Maadamu maswali ni yale yale ya dhamira na wahusika, yupo atakayeuza majibu. Kosa la mwongozo ni kwamba huigeuza riwaya kuwa orodha. Mwanafunzi akaijua orodha, akapata alama, na lugha ya riwaya isimguse. Ametahiniwa katika fasihi kwa lugha ya mwongozo.

4. Widdowson na mipaka yake

Mwaka 1975 H. G. Widdowson alitoa kitabu chake Stylistics and the Teaching of Literature, ambacho kiliwapa walimu wa lugha sababu ya kuirudia fasihi baada ya miaka ya kuikimbia. Kwa muhtasari, alidai kwamba mitindo ni daraja kati ya isimu na uhakiki: mwanaisimu huitazama matini kama mfano wa mfumo wa lugha, mhakiki huitazama kama ujumbe, na mwanafunzi wa mitindo huuliza mfumo umetumiwaje hata ukaleta ujumbe huo. Kwa hiyo fasihi inaweza kufundishwa kama usemi miongoni mwa aina nyingine za usemi, na mwanafunzi akajifunza jinsi lugha inavyofanya kazi.

Rai hiyo ina nguvu, na makala haya yanaikubali katika shina lake. Lakini yapo mambo mawili ambayo mwalimu wa Gusii hana budi kuyaongeza. La kwanza ni la kiasi. Uchambuzi wa namna hiyo hustawi juu ya shairi fupi linaloweza kuandikwa ubaoni. Mwalimu wa Kenya amepewa riwaya nzima, na mara nyingi nakala ni chache kuliko wanafunzi. Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Ni kuchagua kurasa tatu au nne za riwaya, zile ambazo lugha imebeba mzigo mzito, zikasomwa kwa sauti na kwa utulivu, na sehemu nyingine zikaachwa zisomwe nyumbani kama hadithi.

La pili ni zito zaidi. Katika mpango wa Widdowson kinacholinganishwa na matini ya fasihi ni matini nyingine ya lugha ileile. Mwanafunzi wa Gusii, hata hivyo, huingia darasani na mfumo kamili wa lugha nyingine, na fasihi simulizi ya mfumo huo: emegano za jioni, methali, vitendawili, na nyimbo zilizokuwa zikipigiwa obokano, kinanda chenye nyuzi nane. Ulinganisho ulio karibu naye zaidi ni kati ya matini ya kigeni na lugha yake mwenyewe. Kuunyamazisha ulinganisho huo kwa hofu ya kuingiliwa na lugha ya kwanza ni kutupa chombo kilicho bora.

5. Anachokuja nacho mwanafunzi

Mifano mitatu ya sarufi yatosha kuonyesha jambo hili.

Mfano wa kwanza ni wa nyakati. W. H. Whiteley, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua zaidi kwa kazi zake juu ya Kiswahili, aliandika mwaka 1960 uchunguzi maalumu juu ya nyakati za vitenzi vya Ekegusii. Mfumo huo una viwango zaidi ya kimoja vya wakati uliopita: kilichotokea leo hakisemwi kwa umbo lile lile la kilichotokea zamani. Mwanafunzi mwenye mfumo kama huo si maskini wa nyakati. Ni tajiri kuliko vitabu vya sarufi vinavyodhani kwamba ni lazima afundishwe dhana ya wakati uliopita kwa mara ya kwanza. Anachokosa ni kujua Kiingereza na Kiswahili vimegawanya wapi. Sentensi pweke haiwezi kumwonyesha, kwa kuwa sentensi pweke haina jana wala juzi. Aya ya riwaya inavyo vyote. Mwalimu akichukua ukurasa ambao mhusika anakumbuka utotoni mwake huku kisa kikiendelea, akawataka wanafunzi wausimulie kwa Ekegusii, watalazimika kuchagua kiwango cha wakati kwa kila kitenzi. Kisha waulize Kiswahili kimeyabeba vipi mambo hayo kwa -li-, -me- na -ka-, na Kiingereza kwa maumbo yake. Hapo wakati unaacha kuwa jedwali.

Mfano wa pili ni wa upatanisho. Katika Ekegusii, kama katika lugha nyingi za Kibantu, jina la mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya umbo lake. Kiswahili sanifu huvunja kanuni hiyo: ng'ombe na kifaru huchukua upatanisho wa mtu. Mwanafunzi anayesema ng'ombe yangu imepotea hajakosa mantiki. Ameifuata mantiki ya Kibantu iliyo ya kawaida zaidi kuliko ya Kiswahili. Kumkosoa kwa kalamu nyekundu hakumwambii lolote. Hekaya za wanyama, ambamo Sungura husema, huapa na kudanganya, humpa sababu ya kulikumbuka jambo hilo: mnyama anatenda kama mtu, na sarufi inamkubali katika jamii ya watu.

Mfano wa tatu unahusu Kiingereza. Lugha za Kibantu hazitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha mtu wa tatu. Ni kosa la kawaida kwa mwanafunzi wa Gusii, na kwa Mswahili pia, kumwita mama kwa kiwakilishi cha baba. Mazoezi ya kujaza nafasi hayaliponyi kosa hilo, kwa kuwa katika zoezi hakuna anayepotea. Katika riwaya yenye dada wawili, baba na mchumba, kiwakilishi kikikosewa kisa kinavurugika, na msomaji anahisi hasara.

6. Riwaya moja, ngeli moja

Hadi hapa imeonyeshwa kwamba matini husaidia sarufi. Lakini iwapo hilo lingekuwa faida pekee, mtu angeweza kujibu kwamba habari za gazeti zatosha. Yabidi kuonyesha kwamba kusoma lugha kwa makini hufungua maana ambayo muhtasari hauwezi kuifikia. Mfano unaofaa kwa Gusii ni Blossoms of the Savannah cha Henry ole Kulet, kilichochapishwa mwaka 2008, kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 2009, na baadaye kikawa kitabu teule cha KCSE.

Kisa chake kwa ufupi ni cha dada wawili, Taiyo na Resian, ambao baba yao anahamisha jamaa kutoka Nakuru na kurudi Nasila, katika nchi ya Wamaasai. Wao wanataka kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Egerton. Jamii iliyowapokea inataka wakeketwe na kuolewa. Mwongozo wowote utasema kwamba dhamira ni ukeketaji, ndoa za lazima na mgongano wa jadi na usasa. Yote ni kweli, na yote yaweza kusemwa na mtu ambaye hajaigusa riwaya.

Katika Kisii na Nyamira kitabu hiki hakisomwi kama habari za ugenini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya kupiga marufuku tendo hilo ilikuwa imepitishwa mwaka 2011. Kwa hiyo mwalimu anayesema, "Jadilini dhamira ya ukeketaji," katika darasa la wasichana wa Nyamira, amewapa swali ambalo baadhi yao wanalijibu kwa miili yao. Haishangazi kwamba wengi hukimbilia maneno ya mwongozo. Maneno yale ni ya baridi, na baridi hiyo ni kinga.

Sasa itazamwe lugha. Kulet ameacha ndani ya Kiingereza chake maneno kadhaa ya Kimaasai. Mojawapo ni jina wanaloitwa wasichana ambao hawajakeketwa, intoiye nemengalana. Jina hilo ni la kuwashusha, nalo hurushwa kama jiwe. Mwandishi angeweza kulitafsiri. Amelibakiza, na kwa kulibakiza amemlazimisha msomaji wa Kiingereza alisikie kama wasichana wenyewe wanavyolisikia: neno geni kwa watoto waliolelewa mjini, ambalo ghafla limekuwa jina lao.

Mwalimu akiuliza darasa la Gusii, "Je, kwetu yuko mtu anayeitwa hivyo?" jibu lipo tayari. Ekegusii kimekuwa na jina la msichana ambaye hajatiwa jandoni: egesagane. Aliyetiwa jandoni huitwa omoiseke. Maneno haya mawili hayatofautiani kwa mashina tu. Omoiseke imo katika ngeli ya watu, pamoja na omonto na omwana. Egesagane imo katika ngeli inayolingana na ki- ya Kiswahili, ngeli ya vitu na ya vilivyodunishwa. Yaani lugha yenyewe imemweka msichana nje ya ngeli ya watu mpaka akatwe, kisha ikamwingiza. Hakuna methali iliyohitajika, wala hotuba ya mzee. Kiambishi kimetosha.

Hapo darasa limefikia jambo ambalo sarufi pekee isingelifikia, wala fasihi pekee. Kutokana nalo yaweza kuzaliwa maswali halisi ya lugha. Kiingereza hakina ngeli: kitafanyaje kumdunisha mtu kwa neno moja? Je, Kulet amelibakiza neno la Kimaasai kwa sababu Kiingereza kingemlazimisha kuongeza kivumishi, na kivumishi kingekuwa maoni ya msimulizi badala ya desturi ya jamii? Kiswahili kina kijitu na kitoto cha dharau, lakini pia kina kijana na kiongozi visivyo na dharau, na kipofu ambaye katika upatanisho anarudishiwa utu wake: kipofu huyu, si kipofu hiki. Kwa nini? Mwanafunzi anayejibu maswali hayo kwa Kiingereza anatumia lugha ya kulinganisha, ya sababu, ya shaka na ya kukanusha. Hiyo ndiyo lugha ambayo silabasi inasema inataka.

Fauka ya hayo, mazungumzo haya yana adabu yake. Yanamzungumzia Resian na yanalizungumzia neno. Msichana aliyemo darasani hakulazimishwa kujieleza. Anaweza kusema mengi juu ya Resian, na ni yeye anayejua ni kiasi gani cha hayo ni juu yake. Lugha ya kigeni na mhusika wa kubuni vyote viwili humpa umbali, na umbali huo humpa ulimi. Hili ni fungu la ufundishaji ambalo gazeti haliwezi kulitoa, kwa sababu gazeti humtaja mtu halisi.

Wala riwaya isichukuliwe kuwa kioo cha Gusii. Wasichana wa Kulet wamekwisha kupevuka. Katika Gusii desturi imekuwa ya kuwafanyia watoto wadogo. Kwa Kulet mwenye kisu ni ngariba wa kijadi. Katika Gusii wahudumu wa afya wamekuwa wakitajwa mara kwa mara. Tofauti hizi ni mali ya darasa. Mwanafunzi anayesema, "Kwetu si hivyo," ameanza kuhakiki.

7. Bahari katika nchi ya vilima

Isidhaniwe kwamba kasoro hii ni ya Kiingereza tu. Kiswahili nacho hufundishwa Gusii kana kwamba ni lugha ambayo kila Mbantu anaijua tayari, na kwamba kilichobaki ni usanifu. Ni kweli kwamba undugu upo: enyomba na nyumba, amache na maji, omonto na mtu. Lakini undugu huo huishia mlangoni pa fasihi. Sehemu kubwa ya methali na taswira za Kiswahili ni za pwani. Kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, tanga na demani ni mambo ambayo mtoto wa Keroka hana mahali pa kuyaonea. Kwa karne nzima tumewacheka walimu wa kikoloni waliowakaririsha watoto wa Afrika mashairi ya maua wasiyoyajua. Kicheko hicho chapaswa kupunguzwa na mwalimu wa Kiswahili anayemkaririsha mwanafunzi jahazi asilolijua kisha akamwekea alama ya kosa.

Siku Njema cha Ken Walibora, kilichochapishwa mwaka 1996, chafaa kulitatua jambo hili, kwa kuwa safari yake ni safari ya lugha yenyewe. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga akimtafuta baba yake mpaka Kitale, katika nyanda za juu za Kenya. Mwanafunzi wa Kisii anaweza kuisoma riwaya hiyo kinyume na mwendo wake: aanze na Kitale, mahali pa mahindi na baridi anapopaelewa, ndipo aulize ni maneno gani Kongowea amebeba kutoka pwani ambayo bara haina. Msamiati wa bahari hapo unakuwa mzigo wa msafiri, nao unajulikana kwa sababu unambainisha.

8. Pingamizi

Yapo mapingamizi matatu ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni kwamba lugha ya fasihi ni ngumu na ya kukiuka kanuni, hivyo itamharibu anayeanza. Tanzania inatoa fundisho hapa. Baada ya ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 kuonyesha kwamba Kiingereza cha sekondari kilikuwa chini mno, mradi uliofuata ulitia mkazo katika vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa ili wanafunzi wasome kwa wingi. Mwelekeo ulikuwa sahihi katika jambo moja: asiyesoma kwa wingi hapati lugha. Hadithi rahisi ni ngazi ya kupandia, na si haki kuidharau. Hata hivyo hadithi ambayo kila neno lake limechaguliwa lisimsumbue msomaji haina neno kama egesagane. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji zote mbili, kwa mfuatano.

La pili ni la mwalimu. Si kila mwalimu wa Kiingereza au Kiswahili anayefundisha Gusii anajua Ekegusii, na si kila anayekijua amefundishwa kukichambua. Hilo ni kweli, na dawa yake ni vyuo. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013. Mwaka huohuo Christopher Okemwa, mshairi na mhadhiri wa chuo hicho, alianzisha tamasha la mashairi la Kistrech, ambalo limewaleta washairi wa nchi mbalimbali katika Gusii. Okemwa pia amezikusanya na kuzichapisha methali na vitendawili vya Abagusii. Kwa hiyo matini zipo, na mahali pa kuwafundishia walimu papo. Kilichobaki ni kuvikutanisha viwili hivyo katika kozi moja ya ualimu.

La tatu ni la mtihani, nalo ndilo kubwa. Mwalimu hawezi kuombwa afundishe kinyume cha mtihani unaompima yeye na shule yake. Maswali yakiendelea kuomba dhamira, mwongozo utaendelea kutawala. Lakini swali linaloweka aya moja mbele ya mtahiniwa na kumuuliza kwa nini neno hili limebakizwa katika lugha ya asili, au kwa nini kitenzi hiki kimebadilisha wakati, haliwezi kujibiwa na mwongozo uliokaririwa. Maswali ya namna hiyo ni machache katika mitihani, lakini hayahitaji sheria mpya ili yaongezwe.

9. Hitimisho

Turudi kwenye mpango wa sekondari ya juu. Watetezi wake wanaweza kusema kwamba fasihi haikufukuzwa: vipande vyake vitabaki katika somo la lugha la lazima, na anayetaka zaidi atachagua. Jibu hilo lingetosha iwapo vipande hivyo vingesomwa kwa njia iliyoelezwa hapa. Historia ya 8-4-4 haitupi sababu ya kutumaini hivyo. Kipande kisicho na riwaya nyuma yake hugeuka upesi kuwa ufahamu wa maswali matano.

Pendekezo la makala haya ni dogo. Katika kila mwaka wa somo la lazima la lugha, kisomwe kitabu kimoja kizima cha fasihi, kwa kurasa chache zinazochambuliwa kwa makini na nyingine zinazosomwa kwa hiari, na kila kurasa zinazochambuliwa ziwekwe kando ya matini ya lugha ya kwanza ya wanafunzi. Gharama yake ni nakala za kitabu kimoja na semina za walimu.

Gharama ya kutofanya hivyo yaonekana ukimfikiria mwanafunzi mmoja. Ni msichana wa Nyamira mwenye akili ya hesabu, naye atachagua sayansi, kama anavyostahili. Katika mpango uliopita angekutana na Resian, hata kama kwa njia ya mwongozo. Katika mpango mpya huenda asikutane naye kabisa. Atajua Kiingereza cha kuandikia ripoti ya maabara, na Kiswahili cha kuandikia barua rasmi. Siku atakaporudi nyumbani akamsikia mdogo wake akiitwa egesagane, atakuwa na lugha tatu, na katika zote tatu atakuwa hajawahi kufundishwa kusimama juu ya neno na kuliuliza linafanya nini.